Siku nane nyuma ya pazia la lori

Jumatano, 30 Oktoba 2024. Columbus hadi Erie

Tumeondoka Columbus saa kumi na moja alfajiri, trela limejaa magodoro. Mzigo mzuri huu, unajaza macho lakini hauna uzito, na mzani wa njiani hauna la kutuuliza. Zamu ya kwanza ni yangu. Baba Zuhura yuko nyuma ya pazia, anakoroma.

Kwa msiotujua: sisi ni mume na mke, mimi mtu wa Tanga, yeye wa Mombasa. Lori ni letu (la benki, ukitaka ukweli) na tunaendesha kwa kupokezana. Mmoja akishika usukani, mwingine analala kwenye kitanda cha nyuma ya viti, na kati yetu kuna pazia zito la kijivu. Mwaka wa sita huu nalala nyuma ya hilo pazia. Ukitaka kujua wanaume husema nini wakidhani mwanamke kalala, njoo ulale hapa.

Kura ya rais wa Marekani, Trump dhidi ya Kamala Harris, tumeshapiga. Ohio wanaruhusu kupiga mapema, nasi wiki iliyopita tulikwenda Morse Road, ofisi ya uchaguzi ya kaunti, tukapanga foleni kama watu wengine. Mwenzangu alitoka akitangaza: Trump, kwa ajili ya dizeli. Mwaka 2022 tulijaza tangi kwa zaidi ya dola 5 galoni na hajasamehe, japo leo ni dola 3 na nusu na senti chache. Mimi nilitoka nimebandika kile kistika cha "Nimepiga kura" kifuani, nikanyamaza. Akauliza. Nikamwambia twende zetu. Si ugomvi. Nilitaka tu kuona atavumilia siku ngapi.

Kwenye barabara kuu mabango ni machache, lakini ukiteremka kuingia vijijini yamejaa kwenye nyasi za watu. Hapa Pennsylvania kuna bango moja nililiona mara nyingi hadi nikalikariri: Trump bei ya chini, Kamala bei ya juu. Pacha wake anasema Trump usalama, Kamala uhalifu. Tazama majina. La mwanaume ni la ukoo, la mwanamke ni la kuitwa nyumbani. Kusema kweli hata wanaompenda wanamwita Kamala, na mwenyewe hakukataa. Lakini sijaona bango lililoandikwa Donald peke yake.

Na hilo jina lenyewe! Mwenyewe hutaka mkazo uwe mwanzoni, KAmala. Wanaomkejeli husema kaMAla, makusudi, jukwaani, mara ya mia baada ya kusahihishwa. Sasa sisi Waswahili mkazo wetu unakaa pale pale wanapouweka hao wakejeli. Mimi nimeshindwa kabisa kulitamka anavyotaka. Bukoba tuna akina Kamala tele, mmoja wao Dk. Diodorus Kamala alikuwa waziri, na hakuna Mhaya aliyelalamika.

Erie tumeshusha saa nane mchana. Jioni tukala kwa rafiki yangu mmoja, mama wa Uvira, Kongo, aliyepita kambini Tanzania miaka kadhaa kabla ya kuletwa hapa. Sombe, yaani kisamvu, na ugali, mpaka nikafungua kifungo. Uraia ameupata mwaka jana, kura hii ndiyo yake ya kwanza duniani, na karatasi zake ameziweka ndani ya Biblia.

"Mimi nitamupa," akasema. "Lakini hawatamupa."

Kwa nini?

"Hana mutoto wa tumbo yake."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema hata kanisani kwao wamelisema. Nikamweleza kwamba Kamala amelea watoto wawili wa mumewe, Cole na Ella, na kwamba wanamwita Momala. Akatikisa kichwa: hao ni wa mwanamke mwingine. Nikakumbuka yule mgombea mwenza wa Trump, Vance, aliyesema mwaka 2021 kwamba nchi inaongozwa na wanawake wasio na watoto wanaofuga paka. Nilidhani ni neno la Kizungu lile. Kumbe limefika mpaka kwenye sufuria ya sombe.

Kwetu Rais tunamwita Mama Samia. "Mama anaupiga mwingi," tunasema, na neno hilo limembeba pakubwa: hasemwi kama bosi, anasemwa kama mama wa nyumba. Najiuliza angekuwa hana watoto tungemwita nani.

Kaunti hii ya Erie, wanasema, ndiyo ya kutazamwa. Mwaka 2016 ilikwenda kwa Trump, 2020 ikaenda kwa Biden, mara zote mbili kwa tofauti isiyofika kura 2,000. Mtaa mmoja tu wa wakimbizi wenye uraia mpya unatosha kuzigeuza.

Alhamisi, 31 Oktoba. Erie hadi Allentown

Tumepakia vyombo vya plastiki, tukashuka I-79 halafu tukashika I-80 kwenda mashariki. Barabara hii inapanda milima kama inakwenda Lushoto, na kuna mahali wameweka bango kukuambia kwamba hapa ndipo I-80 ilipo juu kuliko pote mashariki ya mto Mississippi. Miti imebaki na majani ya mwisho, mekundu na manjano. Nilisimama kituo cha malori kuoga.

Chooni, nyuma ya mlango, usawa wa macho ukishakaa, palikuwa na kikaratasi cha manjano cha kubandika. Mwandiko wa kalamu ya wino wa bluu, wa mtu mwenye umri, herufi za kushikana. Kinasema: *Mwanamke mwenzangu, kura yako ni siri. Hakuna atakayejua, hata mumeo.* Chini yake mtu mwingine kaandika kwa kalamu nyeusi: *Mungu anajua.*

Nilikaa pale kuliko haja yenyewe ilivyotaka. Redioni nilisikia habari za vikaratasi hivi, na lile tangazo aliloliwekea sauti Julia Roberts, mke anaingia kupiga kura huku mume anamsubiri. Watu wa upande wa pili wamekasirika sana: mtangazaji mmoja wa Fox News alisema mkewe akimficha kura ni sawa na kuzini. Nikatoka nje, nikamkuta Baba Zuhura anapangusa taa. Sikumwambia kitu.

Saa mbili usiku akashika usukani, mimi nikaingia nyuma ya pazia. Ndipo kijiwe kikaanza.

Madereva wetu wa Afrika Mashariki wana kijiwe cha simu. Mnaunganishwa watu wanane, kumi, mmoja yuko Texas, mwingine Nebraska, mwingine anapanda milima ya Colorado, na mnazungumza usiku kucha ili msisinzie. Kimewaokoa wengi, sikidharau. Humo utapata bei za mizigo, wapi polisi wamejificha, nani kafiwa. Na siasa.

"Mimi sina shida na mwanamke," mmoja akaanza. (Huyo ndiye wa kumwogopa.) "Lakini hii ni Amerika. Putin atamheshimu?"

"Alipandaje cheo, si mnajua," akasema mwingine, wakacheka kicheko kile. Alikuwa na uhusiano na Willie Brown miaka ya 1990, mwanasiasa mkubwa wa California, na hilo halijaachwa kusemwa tangu agombee kazi yake ya kwanza. Mpinzani wake kaoa mara tatu na mahakama ya New York imemtia hatiani mwezi Mei. Hilo kijiweni huitwa uanaume, au njama.

Kisha wa tatu, kijana wa sauti nyembamba: "Sasa apewe kile kitufe cha nyuklia, halafu zile siku zake za mwezi zimfike. Itakuwaje?"

Nikafungua pazia.

"Mama katimiza miaka 60 tarehe 20 mwezi huu. Siku zipi hizo?"

Kimya. Lori linavuma. Halafu sauti moja kutoka mbali sana: "Shemeji, kumbe uko macho?"

Baba Zuhura alicheka mpaka nikamwambia atazame barabara.

Ijumaa, 1 Novemba. Allentown

Ghala. Saa tano za kusubiri mlango wa kupakulia. Karatasi za mzigo ninazo mimi mkononi, koti la kung'aa nimevaa mimi, mtu wa dirishani ananitazama na kuuliza, "Dereva yuko wapi?" Nikamwambia anazungumza naye. Akatazama nyuma yangu, labda nimemficha.

Siandiki hili kwa uchungu. Mara ngapi sasa. Ila kila nikisikia mtu anasema *hana uzoefu* juu ya mwanamke aliyekuwa mwendesha mashtaka wa San Francisco, mwanasheria mkuu wa California, seneta, na miaka minne makamu wa rais, huwa naliona lile dirisha.

Mji huu zaidi ya nusu ya watu wake ni wenye asili ya Kilatino, wengi wa Puerto Rico. Jumapili iliyopita mchekeshaji mmoja kwenye mkutano wa Trump pale Madison Square Garden aliita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Mwendesha foklifti aliyenishushia mzigo, mwanamke wa makamo, ana bendera ya kisiwa chake kwenye kofia ngumu. Anampigia Harris, kwa hasira, sio kwa mapenzi. Mlinzi wa getini, kijana, mzazi wake mmoja wa Jamhuri ya Dominika, hampigii.

"Anacheka sana," akaniambia. "Mtu unamuuliza swali, anacheka."

Nikamuuliza Trump je. Akafikiri kweli kweli, si kwa ubishi. "Trump hacheki," akasema.

Ni kweli. Sikuwa nimeliona.

Jumamosi, 2 Novemba. Dearborn, Michigan

Usiku kucha Baba Zuhura kaendesha, mimi nimeamka Toledo. Tumeshusha biskuti asubuhi, tukatafuta chakula cha halali, na Dearborn huhangaiki: mabango ya maduka yameandikwa Kiarabu, adhana inasikika mtaani, nikahisi niko Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, ila kwa baridi.

Nilitegemea kusikia hapa maneno ya wanaume wa kidini juu ya mwanamke kuongoza. Nimefundishwa hayo tangu madrasa. Wala. Binti aliyetuletea chai, amejifunga mtandio vizuri kuliko wangu, alisema familia yao 2020 wote walimpigia Biden na Harris. Mara hii baba yake anampigia Jill Stein wa chama cha Green, kaka yake Trump, yeye haendi kabisa. Na Stein pia ni mwanamke, akanikumbusha.

"Hatuna neno na uanamke wake, khalti. Ndugu zetu wanakufa Gaza na Lebanon, na silaha zinatoka hapa."

Trump alikuwa mjini hapo jana yake, kwenye mgahawa mmoja, akipeana mikono. Harris anatafutwa. Mkutano mkuu wa chama chake Chicago, mwezi Agosti, walikataa kumpa jukwaa hata Mmarekani mmoja mwenye asili ya Palestina azungumze dakika chache.

Kuna jambo limenishika. Mwaka 2020, kwenye mdahalo, Mike Pence, makamu wa Trump, alimkatiza Harris, naye akamwambia, "Mimi ninazungumza." Wanawake walifurahi mno. Wakachapisha fulana, mimi mwenyewe nilinunua kikombe. Agosti mwaka huu, kwenye mkutano katika uwanja wa ndege wa Detroit, watu walipaza sauti juu ya Gaza, akawaambia maneno yale yale: "Mimi ninazungumza." Yule binti anaikumbuka siku hiyo kwa tarehe. Kikombe changu kiko kabatini Columbus, na leo nimejikuta sijui nikifanye nini.

Jumapili, 3 Novemba. Detroit hadi Grand Rapids

Saa zimerudishwa nyuma usiku, saa moja ya bure. Nimeilala yote.

Leo mchana Harris mwenyewe alikuwa Detroit, kanisani, jioni East Lansing kwa wanafunzi. Tulipita I-96 karibu na hapo na foleni ikatula dakika 50. Baba Zuhura kaingiza hiyo pia kwenye deni la Kamala.

Kabla ya kuondoka tulibadilisha taa ya breki. Fundi alikuwa Mmarekani mweusi, mtu wa miaka hamsini hivi, mkono mmoja unafanya kazi, mwingine umeshika sigara. Hampigii mtu. "Alitufunga," akasema. Ana maana ya miaka yake ya uendesha mashtaka. Nikamwambia mbona mabango ya huko nilikotoka yanasema ni rafiki wa wahalifu. Akapuliza moshi. "Kwao laini, kwetu polisi. Basi hana kwao."

Obama alikwenda Pittsburgh tarehe 10 Oktoba akawakemea wanaume weusi, akasema huenda baadhi yao hawapendi tu wazo la kuwa na rais mwanamke. Nikamuuliza fundi kama alilisikia. Alilisikia, na ndipo alipokasirika hasa. Mbona sisi ndio tunaohutubiwa, akasema, wakati wengi wetu tunampigia kila mwaka? Hesabu yake si mbaya. Wengi wa wanaume weusi nchi hii humpigia kura mgombea wa Democratic, na wengi wa wanaume weupe hawampigii, na huko kwa weupe sijasikia kwamba Obama alikwenda kukemea mtu.

Kisha akaongeza, taa imeshawaka, anafuta mikono: "Mama yangu anampigia. Amesema nisipokwenda nisile kwake sikukuu ya Thanksgiving." Akacheka. Nadhani atakwenda.

Jumatatu, 4 Novemba. Grand Rapids

Tunapakia viti vya ofisi. Mji huu ni wa samani, viti vya maofisi mengi ya Marekani vimetoka hapa.

Leo Trump anafungia kampeni yake mji huu huu, kama alivyofanya 2016 na 2020, mara hii ukumbi wa Van Andel. Harris anafungia Philadelphia, kwenye zile ngazi za jumba la sanaa, na Oprah na Lady Gaga. Mzigo haukuwa tayari mpaka jioni, nikamwambia mwenzangu twende tukaione foleni. Tuliacha lori ghalani tukachukua teksi.

Foleni imezunguka mitaa. Baridi, watu wamekalia viti vya kukunja, kofia nyekundu, watoto wamefungwa mablanketi. Sikuogopa, ingawa nilikuwa na mtandio, na hakuna aliyenisemesha vibaya. Mama mmoja wa umri wangu, mnene, uso wa kucheka, aliniona napuliza vidole akanipa vile vipakiti vya kupasha mikono. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia dereva wa lori, magurudumu kumi na nane. Akashika kifua.

"Mungu akubariki! Mimi nisingeweza. Wewe ni jasiri."

Mumewe akasema, "Umeona?" kana kwamba nimewashindia ubishi fulani.

Nikamuuliza yule mama: kuhusu rais mwanamke, anasemaje? Akajibu upesi, bila kufikiri, kama mtu anayesoma kitu kilichokwisha andikwa.

"Mimi nataka sana rais mwanamke. Ila si huyu."

Nilipandwa na baridi ambayo vile vipakiti haviwezi kuitibu. Mwaka 2016 nilikuwa natunza wazee majumbani, Columbus. Bibi mmoja niliyekuwa nikimwogesha, mwenye miaka zaidi ya tisini, alizaliwa kipindi wanawake wa nchi hii wametoka tu kupata haki ya kura. Alinishika mkono siku ya uchaguzi ule akaniambia maneno haya haya juu ya Hillary Clinton. Mwanamke sawa, ila si huyu. Hillary alikuwa baridi mno, hacheki, ana hesabu. Huyu anacheka mno, mwepesi, hana hesabu. Hillary tunamjua kupita kiasi, miaka thelathini. Huyu "simjui", neno nililolisikia tangu Ohio mpaka hapa, juu ya mtu aliyeonekana kwenye televisheni kila siku kwa miaka minne.

Sitaki kumdhulumu yule mama. Siku 107 alizopewa Harris, tangu Biden ajitoe tarehe 21 Julai, si nyingi. Na mwezi uliopita kwenye kipindi cha televisheni walipomuuliza angefanya nini tofauti na Biden, akasema hakuna linalomjia akilini. Hilo si jambo la uanamke, hilo ni jibu baya. Mtu akikasirikia bei ya mayai ana haki.

Kwenye teksi nikamwaga yote hayo kwa Baba Zuhura, kwa Kiswahili, kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "1997 Ngilu aligombea kwetu. Mzee wangu alisema vivyo hivyo. Mwanamke sawa, lakini si huyu Mkamba." Charity Ngilu alimaliza wa tano, Wangari Maathai naye aligombea mwaka huo huo na hakupata kitu. "Na wewe usinitazame hivyo, Mbongo. Nyinyi nani alimpigia Samia?"

Hapo alinipata. Kila Mmarekani niliyemwambia natoka Tanzania na tuna rais mwanamke amenipongeza kama nimemzaa mimi. Hata Harris mwenyewe alikwenda Ikulu Dar es Salaam, 30 Machi 2023, wakasimama pale wawili, mama na mama, na mimi nilihifadhi ile picha kwenye simu. Lakini Samia Suluhu Hassan tulimpata Machi 2021 kwa sababu Magufuli alifariki na katiba ikasema makamu achukue. Walipogombea wanawake wenyewe kama wenyewe, Anna Senkoro mwaka 2005, Anna Mghwira 2015, tuliwapa kiasi gani? Hakuna aliyefika asilimia moja. Mtihani wetu ni mwakani. Nimekuwa nikipokea pongezi za mtihani ambao sijaufanya.

"Ulimpigia nani?" akauliza, alipoona nimenyamaza.

Nikamlipa mwenye teksi.

Jumanne, 5 Novemba. Grand Rapids hadi Milwaukee

Siku yenyewe. Nimezunguka chini ya Ziwa Michigan, nimepita Chicago kwenye foleni, nimeingia Wisconsin. Viti vimeshushwa saa tisa. Aliyetia sahihi karatasi zangu ni mwanamke, stika kifuani. Hatukusemezana juu ya kura, tulitazamana stika tu.

Zuhura amepiga simu mara nne. Ana miaka 19, amepiga kura yake ya kwanza, na ana hakika. Sauti yake imenitia hofu kuliko redio.

Usiku tumeegesha kituo cha malori kusini ya mji. Baba Zuhura kitandani na kijiwe chake, mimi kiti cha dereva na redio, pazia wazi. North Carolina. Georgia. Saa sita kasorobo usiku mtu wa kampeni ya Harris alitoka mbele ya umati pale Howard, chuo alichosoma, akawaambia hatazungumza usiku huu, nendeni nyumbani. Kijiwe kikalipuka. Baba Zuhura akanitazama, akapunguza sauti ya simu, halafu akaizima kabisa. Sikumwomba. Akachemsha maji, akanipa chai ya tangawizi, akarudi kulala.

Pennsylvania ilipokwenda kwa Trump nilikuwa macho. Saa kumi na nusu alfajiri wakaitangaza Wisconsin, na hiyo ndiyo iliyomaliza kazi. Nilikuwa nimeegesha ndani yake. Nilichungulia dirishani, sijui nilitegemea kuona nini. Mtu mmoja anavuka na taulo shingoni kwenda kuoga.

Jumatano, 6 Novemba. Milwaukee hadi Columbus

Mzigo wa kwanza tuliopewa ulikuwa bia, nikaukataa kama kawaida. Tukapata karatasi za chooni. Baba Zuhura akasema ndizo zinazofaa siku ya leo, na hakusema upande gani.

Kijiwe asubuhi wote ni mabingwa. Nilisema tangu mwanzo. Amerika haiwezi kumpa mwanamke. Lakini matokeo ya useneta yanaingia, na hayakubali kusomwa hivyo: Wisconsin hii hii imemrudisha Tammy Baldwin, Michigan imemchagua Elissa Slotkin, na gavana wao ni Gretchen Whitmer. Kuna watu, karatasi moja, kalamu moja, wameweka alama kwa Trump juu na kwa mwanamke chini yake. Wisconsin Harris kakosa kwa kura kama 29,000. Baldwin kapita kwa kiasi hicho hicho. Basi useneta mwanamke anapewa, ugavana anapewa. Ni kile kiti kimoja. Na majimbo yaliyomwangusha ni yale yale matatu, Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, yaliyomwangusha Hillary, nami nimeyapita yote wiki hii kwa magurudumu, na katikati yake, 2020, yalimpa Biden. Lakini 2020 ilikuwa mwaka wa korona, na 2024 ni mwaka wa bei. Sijui nizigawanyeje hizi sababu. Nimelala nazo na sijazitenganisha.

Harris alizungumza saa kumi na nusu hivi za jioni, saa za mashariki, pale Howard. Tulikuwa tunakaribia Indianapolis, usukani ninao mimi. Amekubali kushindwa. Akawaambia vijana hakuna ubaya kusikitika. Baba Zuhura alikaa kiti cha pembeni, hakwenda kulala ingawa ilikuwa zamu yake, na alipomaliza akasema, "Hajacheka leo." Nikashindwa kujua anamsifu au anamsikitikia, na nadhani hata yeye.

Columbus saa nne usiku. Uwanja tunaoegesha ni finyu, kuna mti pembeni na taa haziwaki, kwa hiyo mmoja hurudisha nyuma na mwingine husimama nje na tochi. Yeye alishika usukani, mimi nikashuka. Zuhura alikuwa ameshafika na gari dogo kutuchukua, amevaa kofia ya koti, macho yamevimba. Alikuja akasimama nami, tukaishika tochi pamoja.

Kioo kikateremka.

"Mama Zuhura. Mbele ya mtoto. Ulimpigia nani?"

"Kata kushoto," nikamwambia. "Kushoto zaidi. Utagonga mti."